Kikombe Kimoja cha Unga ni Gramu Ngapi?

NJERI: Karibuni jikoni, hapa Nairobi. Leo tumeweka mizani mezani. Kaka Baraka, resipi inataka vikombe 3 vya unga wa ngano. Hizo ni gramu ngapi?

BARAKA: Kwanza, kikombe gani, dada? Vya kupimia vingi ni mililita 250, lakini cha resipi ya Marekani ni kama 237. Kikombe cha chai usikihesabu kabisa.

NJERI: Tuchukue cha 250.

BARAKA: Sawa. Ukiudondosha unga ndani kwa kijiko, kisha ukasawazisha kwa mgongo wa kisu, utapata gramu 130 hivi. Ukikitumbukiza kikombe chenyewe kwenye pakiti, unga unashindiliwa hadi 155 au 160. Kwa vikombe 3 umezidisha gramu 80 hivi. Keki inatoka kavu, imepasuka juu, halafu lawama inaiangukia oveni.

NJERI: Kikombe kinapima nafasi tu. Ni kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia wa soko la Marikiti: mkebe ni ule ule, lakini ukijaa maharagwe na ukijaa unga, mkono unahisi tofauti.

BARAKA: Ndiyo maana kila kitu kina namba yake. Kwa kikombe hicho hicho, sukari ni gramu 210, na haiyumbi sana kwa kuwa chembe zake hazishindiliki kama unga. Mafuta ya kupikia 230. Asali ni nzito mno, kama 355.

NJERI: Kuna mizani zenye kitufe cha mililita. Zinasaidia?

BARAKA: Kwa maji, ndiyo. Kwa mafuta ni mtego, maana nyingi huhesabu kana kwamba umemimina maji. Ukimimina mafuta mpaka isome 250, umeweka karibu mililita 272. Baki kwenye gramu.

NJERI: Na vitu vidogo? Mizani ya kawaida inaruka gramu moja moja, na ukinyunyiza kidogo kidogo wakati mwingine haisomi chochote.

BARAKA: Hapo kijiko cha kupimia ndicho bora. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 6 za chumvi laini, 4 hivi za baking poda, 3 za hamira ya chembechembe. Na hapa Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye baking poda inatanuka zaidi. Nusu kijiko cha baking poda kikizidi, keki inapanda haraka, inadidimia katikati.

NJERI: Mwenye kikombe anachokipenda afanyeje?

BARAKA: Akiweke kwenye mizani kikiwa kitupu, arudishe sifuri, ajaze unga kwa kijiko, asawazishe, asome. Amwage, arudie mara 3, achukue wastani, aubandike kwenye mlango wa kabati. Namba ya kikombe chake na mkono wake ni bora kuliko jedwali lolote.

NJERI: Kuchekecha je? Hapo wengi hukosea.

BARAKA: Soma maneno yalivyopangwa. "Vikombe 2 vya unga, uchekeche": pima kwanza. "Vikombe 2 vya unga uliochekechwa": chekecha kwanza, na utakuwa mwepesi zaidi. Resipi ikiandikwa kwa gramu, chekecha wakati wowote upendao.