Kioo Kinapobeba Urithi wa Watlingit

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie sanamu za kioo zinazochota mambo yake katika sanaa ya kale, nami nimeona niitumie saa hii kwa msanii mmoja tu, Preston Singletary, kwa sababu kazi zake zinalikabili swali ambalo huzuka kila mada hii inapotajwa: sanaa ambayo mababu waliichonga kwa mti, ikihamishiwa kwenye kioo, je, hubaki kuwa yao? Mimi naamini hubaki, ilimradi kanuni zake zihame pamoja na sura zake.

Watlingit ni wenyeji wa pwani ya kusini-mashariki ya Alaska, nchi ya mvua nyingi, samoni na misitu ya mierezi. Wachongaji wao walipamba nguzo, masanduku, kofia na kuta za nyumba kwa mistari minene inayonenepa na kukonda bila kukatika, ikiyazunguka macho na viungo vya kunguru, mbwamwitu au nyangumi. Wanyama hao ni alama za koo, na alama ni mali: asiye wa ukoo husika hana ruhusa ya kujipambia, hata awe fundi hodari kiasi gani.

Singletary, ambaye ni Mtlingit, alizaliwa mwaka 1963 huko San Francisco na kukulia Seattle, kusini mwa shule ya kioo ya Pilchuck ambayo msanii wa kioo Dale Chihuly aliianzisha pamoja na wenzake mwaka 1971. Alianza kazi katika karakana ya kioo mwaka 1982, na miaka ya mwanzo alifuata mitindo ya Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaanza kuzirudia sura za watu wake, na miongoni mwa kazi zake za mapema za aina hiyo ni kofia za kioo zilizoigiza zile ambazo Watlingit huzifuma kwa mizizi ya miti.

Naomba tuitazame kofia hiyo kwa karibu. Fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma ndani ya tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, akatoka na donge la kioo kilichoyeyuka, ambalo hulizungusha bila kupumzika, kwa maana akisita kidogo tu litalalia upande mmoja. Msaidizi hupuliza, mwingine hukinga joto, na juu ya kioo cha rangi nyepesi huvikwa tabaka jembamba la rangi nzito. Kofia ikishapata umbo hulazwa katika tanuri la kupoozea, ambako joto hushushwa polepole kwa saa nyingi, kwani kioo kinachopoa nje kabla ya ndani hupasuka chenyewe. Hapo ndipo uchongaji unapoanza: kofia hufunikwa kwa utando unaonata, michoro ya ukoo hukatwa juu yake kwa kisu, kisha mchanga hurushwa kwa hewa yenye nguvu na kulila tabaka la juu pale palipoachwa wazi. Kofia ikiangaziwa taa, michoro huonekana mara mbili, juu ya kioo na katika kivuli kilichotandaa chini yake, na hilo mti hauliwezi.

Masimulizi nayo yanakubaliana na kioo kwa namna ya ajabu. Watlingit husimulia kwamba Kunguru alijigeuza jani la mti, akamezwa na binti wa mzee aliyeficha mwanga, akazaliwa kama mjukuu wa mzee huyo, kisha kwa kulia na kudeka akafunguliwa masanduku ya nyota, mwezi na mchana. Maonyesho ambayo Singletary aliyajenga juu ya kisa hicho yalifunguliwa mwaka 2018 katika Makumbusho ya Kioo ya Tacoma. Kwangu mimi, sanduku la mwanga lililotengenezwa kwa kioo limeifikia maana ya kisa kuliko picha yoyote ya rangi.

Wapo wanaodai kwamba kioo ni kitu cha wageni. Ni kweli kwamba kiliwafikia Watlingit kama shanga za wafanyabiashara, kama zilivyoingia Kilwa na miji mingine ya pwani yetu kutoka ng'ambo. Lakini watu wa eneo la Mapungubwe, kusini mwa Afrika, waliziyeyusha shanga hizo ndogo katika kalibu za udongo takriban miaka elfu moja iliyopita, wakapata shanga kubwa za mtindo wao wenyewe. Sioni kwa nini tuwanyime Watlingit haki hiyohiyo.

Mwaka 2015 lilifunguliwa Jengo la Walter Soboleff mjini Juneau, mji mkuu wa Alaska, makao ya taasisi ya urithi ya Sealaska, na ndani yake mna nyumba ya ukoo ambayo ukuta wake wa michoro ni wa kioo, kazi ya Singletary. Hata hivyo, kwa desturi ya Watlingit, kitu huwa mali takatifu ya ukoo pale tu kinapotolewa hadharani katika karamu ya heshima, watu wa upande wa pili wa jamii yao wakishuhudia na kulipwa. Kofia ya kioo iliyonunuliwa na makumbusho haijapitia hatua hiyo, na wanafunzi wangu wanaotaka kuchota nakshi za milango ya Lamu au Unguja nawaomba waanze na swali hilohilo: ni nani mwenye mamlaka ya kuziidhinisha?