Ripoti kwanza, msimbo baadaye

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimekuja na karatasi moja tu, ripoti iliyochapwa, na naomba tuitazame kabla hatujagusa kibodi.

Imetoka kwenye Scid, hifadhidata huria ya sataranji iliyoanzishwa na Shane Hudson. Unaweka hatua za mwanzo ubaoni, tuseme 1.e4 c5 (Nyeupe anasukuma kitunda hadi e4, Nyeusi anajibu kwa kitunda hadi c5), unaomba ripoti ya ufunguzi. Inakuambia michezo iko mingapi, nani wanaupenda ufunguzi huo, Nyeupe huvuna asilimia ngapi ya pointi, malkia hubadilishwa mara ngapi, kisha inapanga jedwali la hatua zinazofuata. Unaitoa kwa maandishi ya kawaida, HTML (ukurasa wa wavuti) au LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi ya kuchapwa).

Sisi tukikaa kupanga ripoti yetu, huwa tunaanza na orodha ya vitu vya kuongeza. Mimi naona waraka wa mpango uanze na mtu. Kocha ana mwanafunzi atakayecheza kesho asubuhi na anahitaji ukurasa mmoja wa kusoma usiku huu. Anauliza nini? Kila mstari wa ripoti ujibu swali lake, na usiojibu uondoke.

Chukueni asilimia. Ushindi ni pointi moja, sare nusu. Hatua iliyochezwa mara tatu, ushindi mara mbili na sare moja, inapata asilimia 83. Iliyo jirani yake imechezwa mara mia nne, ina asilimia 54. Ukiziandika bila idadi ya michezo, kijana wa watu ataikimbilia ile ya kwanza, na tutakuwa tumempoteza sisi. Kwa hiyo waraka useme wazi: hakuna asilimia bila idadi kando yake.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye data. Faili za PGN, muundo wa maandishi wa kuhifadhi michezo ya sataranji, zina vitambulisho saba vya lazima: shindano, mahali, tarehe, raundi, Nyeupe, Nyeusi, matokeo. Hapo kwenye majina ndipo tunapoumia. Jina la mchezaji Nimzowitsch huandikwa pia Nimzovich, na mashine inaona watu wawili. Niliwahi kumtolea rafiki ripoti ya mpinzani wake, ikakosa nusu ya michezo kwa sababu jina lilikuwa limeingizwa kwa namna mbili. Alijiandaa kwa mtu nusu. Scid ina faili la tahajia la kusahihisha majina; nasi tuliweke hilo kwenye mpango mapema, kabla ya michoro na rangi.

Na tarehe! PGN inaruhusu "1997.??.??", yaani mwaka unajulikana, mwezi na siku havijulikani. Ripoti isibuni Januari mosi. Iandike 1997, basi.

Ombi langu la mwisho kwa watakaoandika waraka huu: kila namba kwenye ripoti ibonyezeke, na ikibonyezwa ifungue michezo yenyewe ubaoni, ili kocha akiitilia shaka ile 54 azipitie hatua kwa macho yake.