Kuku wa Jumapili simgusi: dawa yangu ya sonona na umri wa chakula

Habari za huko nyumbani, wapendwa. Leo siwatembezi mjini, niko jikoni, friji wazi. Mnaona hiki kibakuli? Kuku. Nilimpika Jumapili, leo Alhamisi. Hanuki, hajachacha. Mwingine angempasha akamla. Mimi, kwa dawa ninayomeza, simgusi.

Kuna mtazamaji kaniandikia: dada yake kaanza setralini, dawa ya sonona, watu wakamtisha asile jibini, ndizi, hata maharage. Jamani! Setralini na mwenzake fluoksetini hazina mwiko huo. Mwiko ni wa kundi la zamani, vizuizi vya kimeng'enya kiitwacho MAO: Nardil, Parnate, Marplan. Someni kwanza jina kwenye kopo kabla hamjamnyima mtu chakula.

Mimi niko kwenye Nardil, baada ya nyingine kunigomea.

Mchawi ni kemikali iitwayo tairamini. Chakula chenye protini kikikaa, bakteria huitengeneza humo taratibu. Kwa kawaida MAO iliyoko kwenye utumbo na ini huivunjavunja, wala hujui kama ilipita. Sasa dawa imemfunga mlinzi mikono: tairamini inapenya hadi kwenye damu, inasukuma noradrenalini, kemikali inayobana mishipa ya damu, itoke kwenye neva, presha inapaa.

Na hapa ndipo wengi wanateleza: kupasha moto hakusaidii. Bakteria watakufa, tairamini itabaki palepale. Ndiyo maana mimi siulizi tu hiki ni chakula gani, nauliza kina siku ngapi. Jibini laini ya juzi, sawa. Iliyolazwa miezi ikakomaa, hapana. Nyama mbichi ya leo, karibu. Salami, sosi ya soya, bia ya kumiminwa kutoka pipani, mbali nami. Ndizi? Menya ule, ila usichemshe maganda yake.

Aliyeshtuka mapema alikuwa mfamasia mmoja Mwingereza. Mkewe alikuwa kwenye dawa hizi, akila jibini kichwa kinamgonga. Akamwandikia Barry Blackwell, daktari kijana wa London, na mwaka 1963 Blackwell akalitangaza jambo hilo kwenye jarida la Lancet. Mume aliyekuwa anaangalia sahani ya mkewe, basi!

Dalili zenyewe: kichwa kinapasuka ghafla, mara nyingi kuanzia kisogoni, shingo inakaza, moyo unakimbia, jasho. Hapo usilale ukisubiri kipoe. Hospitali, saa hiyohiyo, na uwaambie unameza nini. Presha ya namna hiyo inaweza kuleta kiharusi.

Dawa za mafua nazo msizinunue kiholela. Pseudoefedrini na dekstromethofani, zilizomo kwenye baadhi yake, hazipatani kabisa na kundi hili, kwa hiyo muulize mfamasia. Na hata daktari akikuachisha dawa, mwiko unaendelea wiki 2, maana mwili unahitaji muda kutengeneza MAO mpya. Kuacha mwenyewe kwa sababu umekumbuka jibini, hilo sikushauri hata kidogo.

Haya, ngoja nikamtupe huyu kuku kabla hajaanza kunikonyeza.