Kipindi cha wiki: Fedha, bakteria na bosi wa herufi Z

ZUHURA: Salim, kabla hujaanza salamu zako ndefu, wiki hii nimekesha na faili la mtu. Niko kwenye jopo la kupitia maombi ya ufadhili, nafungua wasifu wa mwombaji nakuta makala tano za fedha, mikopo na riba, nashuka chini kidogo nakutana na bakteria sugu kwa dawa. Jina lilelile.

SALIM: Hao ni watu wawili. Majina yamegongana, mfumo ukawaunganisha.

ZUHURA: Na mimi ndo nilivyodhani. Nikafuata namba yake ya ORCID, zile tarakimu 16 za kumtambulisha mtafiti, makala zote zimo. Ni yeye mwenyewe, alianza na fedha afu akarudi kusoma upya.

SALIM: Haya, nimekubali. Amenukuliwaje?

ZUHURA: Hapo ndo roho iliponiuma. Za bakteria ni tisa, zimenukuliwa mara 40, 31, 22, 15, 12, 9, 8, 8 na 3. Ukitafuta h-indeksi, yaani makala ngapi zimenukuliwa angalau mara hizohizo, unapata 8: makala nane zimenukuliwa mara 8 au zaidi. Za fedha ni 9, 7, 5, 4 na 1, zenyewe zinampa 4. Nikachukua kalamu nikazichanganya zote 14 nikazipanga upya, nikapata 8. Ileile! Miaka yote ya fedha haijasogeza namba hata hatua moja, ni kama hakuwahi kuandika.

SALIM: Jina lake liko wapi kwenye orodha ya waandishi?

ZUHURA: Za fedha, la mwisho kila mara.

SALIM: Kumbe bosi!

ZUHURA: Siyo bosi, jina la ukoo linaanza na W! Watu wa fedha mara nyingi wanapanga waandishi kwa alfabeti. Wa maabara ndo wa kwanza amefanya kazi kubwa na wa mwisho ni mkuu wa maabara.

SALIM: Subiri, na wewe ukoo wako si wa Z? Ina maana ukiandika makala ya riba, mtu wa maabara akiisoma anakuamkia shikamoo bosi.

ZUHURA: Jamani.

SALIM: Na yule wa A anaonekana ndo amehenyeka peke yake, kumbe ni alfabeti tu. Bosi Zuhura, endelea.

ZUHURA: Unacheka lakini ndo yaliyotokea kwenye jopo. Mwenzetu mmoja aliyezoea mambo ya fedha aliona jina la huyu mtu ni la tano kati ya tisa kwenye makala ya bakteria, akauliza, sasa huyu amechangia nini? Kwake yeye waandishi wawili watatu wanatosha, tisa ni umati. Nikamwambia mmoja alikuwa anaotesha vimelea, mwingine anasoma vinasaba, mwingine takwimu, kila mtu ana kazi yake pale.

SALIM: Ndo maana nasema rekodi zitenganishwe, bosi. Hirsch mwenyewe alipoleta h-indeksi mwaka 2005, na yeye ni mwanafizikia, alisema za biolojia huwa juu kuliko za fizikia. Fedha nayo makala inaweza kukaa rasimu miaka kabla jarida halijaitoa. Wafedha wapime fedha, wabakteria wapime bakteria.

ZUHURA: Ukimkata hivo unapata nusu mtu mara mbili. We unajua ameomba nini? Anataka kuchunguza kwa nini hela haziendi kwenye antibayotiki mpya. Kampuni ya Achaogen ya Marekani, antibayotiki yao plazomicin iliidhinishwa Juni 2018, Aprili 2019 wakaomba kufilisika. Dawa mpya inawekwa akiba ili bakteria wasiizoee, kwa hiyo inauzwa kidogo, sasa mwekezaji atarudishaje hela yake? Swali hilo linamtaka mtu aliyeshika sahani ya vimelea na hesabu za mtaji kwa mkono mmoja.

SALIM: Swali zuri, sikatai. Ila uzuri wa swali hauthibitishi kwamba anaijua fedha. Nani kwenye jopo ataipima hiyo 4 kama imezama ndani ya 8?

ZUHURA: Azisome makala! Tano tu, jioni mbili zinatosha.

SALIM: Kuna maombi mangapi mezani?

ZUHURA: Mengi, ila huyu nimemsoma yote.

SALIM: Wewe umemsoma. Wenzako walitazama namba. Mi nabaki palepale, tenganisha.

ZUHURA: Na mi sitenganishi. Wasifu mmoja, namba moja ya ORCID, mtu mmoja.

SALIM: Zimebaki dakika mbili na tulisema leo tutoe mambo matatu ya kufanya kabla ya kutuma maombi.

ZUHURA: Hayo yaache hadi wiki ijayo, jopo linakaa tena kesho na nataka niipitie ile makala yake ya riba mara ya pili.

SALIM: Sawa bosi.