Dini, Deni, Imani na Amana

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, za kwenu nilishazipokea pale mlangoni, tusirudie, usiku mfupi.

Nimeombwa niseme kidogo juu ya tofauti ya dini na imani. Mimi si shehe wala padri. Nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na sasa nina minazi michache huko Kaole na mdomo usiotulia. Kwa hiyo nitaanza na ninachokijua, maneno.

Dini tumeipokea kutoka kwa Waarabu. Deni nalo vilevile. Na huko yalikotoka, maneno haya mawili ni ya mzizi mmoja. Ndiyo maana ile siku ya mwisho inayotajwa katika Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, yaumu-ddini, tunaifasiri kuwa siku ya malipo. Dini ni kudaiwa: swala tano unadaiwa, saumu unadaiwa, na ukiugua Ramadhani ikakupita, utailipa baadaye. Wenzetu Wakristo wana Jumapili yao na zaka yao.

Imani ni ukoo mwingine. Humo mna amani, mna amana, mna kuamini na uaminifu. Hata ile amina tunayofungia dua, sisi na Wakristo na Wayahudi kabla yetu, ni ndugu yao. Na Waswahili tukaongeza letu. Mtu akimpakia punda mifuko ya saruji halafu amchape mgongoni mpaka ngozi ichubuke, tunasemaje? "Huyu hana imani." Hatumuulizi anaswali wapi. Imani kwetu ni huruma pia.

(Hiyo spika inakoroma, baba. Ipunguze kidogo. Ahsante.)

Sasa siku hizi vijana wananiambia: "Mwalimu, mimi dini sina, ila imani ninayo." Wazee wenzangu wakisikia hivyo wanatafuta bakora. Mimi zamani nilikuwa upande wa hao vijana, kimoyomoyo. Kitabu chenyewe kinatenganisha: katika Suratul Hujurati, aya ya 14, mabedui, Waarabu wa jangwani, wanasema tumeamini, wanajibiwa semeni tumesilimu, kwani imani bado haijaingia nyoyoni mwenu. Nikaona basi, dini ni nje, imani ni ndani, na la ndani ndilo lenyewe. Nikakaa na maelezo hayo miaka, yananipendeza. Aliyeniharibia ni mvuvi mmoja.

Jina lake nalihifadhi. Alikuwa mzee wa ngalawa, anashona nyavu kivulini, mkali wa ulimi. Msikitini hatukumuona. Ijumaa imamu yuko mimbarini, yeye yuko majini. Idi labda. Watoto walimwogopa, na mimi, niseme kweli, sikumpenda. Alikuwa na jirani wa kike muuza chapati ambaye kila jioni anaingia kwake, hakai, anatoka. Mji ukasema yake. Nami nikasema.

Akafa alfajiri moja. Pakawa na minong'ono: tumswalie, tusimswalie? Mmoja akasema mtu hakuijua kibla akiwa hai, tumwelekeze leo? Maneno mabaya, na aliyeyasema alikuwa safu ya mbele kila siku. Imamu wetu, mtu mpole, hakubishana. Alisema tu kwamba janaza ni faradhi kifaya: wakiifanya wachache, wote tumesalimika, isipofanywa, mji mzima una dhambi. Akakunja mikono ya kanzu, akaenda kumuosha.

Basi nikabeba jeneza. Nilibeba kwa sababu nadaiwa. Moyoni mwangu hamkuwa na chochote kwa mzee yule, si huruma, si dua. Lau ningefuata kilichomo ndani, kile nilichokuwa nakiita imani, ningebaki nyumbani nikinywa chai. Dini ndiyo iliyoniinua kitini. Vijana, hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na usemi wenu.

Na mji wetu huu wa Bagamoyo unajua habari za kubeba maiti. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mzungu, uliletwa hapa Februari 1874, ukalazwa kanisani kwa mapadri, wale waliofungua misheni yao mwaka 1868. Alikufa Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Chuma na Susi, watumishi wake wa safari, na wenzao wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaufunga, wakatembea nao mpaka baharini. Chuma alikuwa amebatizwa. Susi, Abdallah Susi, wakati ule alikuwa Mwislamu. Ubatizo wake ulikuja zaidi ya miaka 10 baadaye. Sasa niambieni, Susi alimbeba Mkristo yule kwa dini ipi? Wangeweza kuzika kila kitu pale pale, nani angewauliza? Huyo hakuwa na deni. Mimi niliyekuwa nalo nilikwenda mita mia tano nikinung'unika.

Turudi kwa mzee. Siku ya tatu, khitima imekwisha, mjukuu wake wa kike, hajafika hata darasa la saba, akatoa kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Ndani mna vifurushi vya nailoni, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Fundo moja, mafundo mawili, matatu. Uzi wa kijani, uzi wa buluu. Mzee hakujua kuandika. Mtoto ndiye aliyejua daftari lile: hiki cha mama wa chapati, hiki cha bibi wa pale kisimani, hiki cha kijana anayetaka kununua mashine ya boti. Tukawaita mmoja mmoja. Mama wa chapati akahesabu za kwake polepole, huku mimi nikitazama chini. Hazikupungua hata shilingi. Na mzee yule, wiki ile ya mwisho, alikopa dawa.

Ile aya ya mabedui ningali naisoma. Ila sithubutu tena kuelekeza kidole kwamba huyu ni bedui na yule si bedui.

Kimebaki kifurushi kimoja. Mafundo matano. Mtoto hakijui, na imamu akaniwekea mimi. Kipo kwangu, ndani ya kopo lile lile, na tumeshatangaza mara mbili. Kama yupo hapa aliyemwekea mzee pesa kwa mafundo matano, asiseme kwenye spika. Aje pale nje, kwenye mwembe, aniambie rangi ya uzi.