Msanii Anayewasema Watu Wake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wasanii na wasikilizaji wote, nawashukuru kwa kuja.

Mada niliyopewa ni msanii kama mkosoaji wa jamii yake, na naomba nianzie upande ambao huwa hatupendi kuuzungumza. Ukitaja msanii mkosoaji, kila mtu humu ukumbini anamwona mwanamuziki anayemsema waziri. Sawa, wapo, na tunawahitaji. Lakini waziri ni mtu mmoja, na mara nyingi hadhira ilishamchoka kabla msanii hajafungua mdomo. Kazi ngumu ni kuwasema waliolipa kiingilio.

Eric Wainaina alipotoa "Nchi ya Kitu Kidogo" mwanzoni mwa miaka ya 2000, wimbo ule ulipendwa sana Kenya. Watu waliucheza harusini na kwenye matatu. Nao ni wimbo unaomsema anayepokea rushwa, ila rushwa haipokelewi bila mtoaji. Abiria anayeuimba kwa furaha, dereva wake akimpa askari noti dirishani, anajiimba mwenyewe. Sina hakika wote waliligundua hilo.

Turudi nyuma kidogo, Unguja. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini, aliinuka hadi kuimba mbele ya sultani, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Katika nyimbo zake mmoja unaitwa "Kijiti". Mwanamke ametoka Dar es Salaam kutembea Unguja, akaenda matembezini na wenzake, akauawa. Kijiti, mtuhumiwa, akavuka kukimbilia bara. Wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu wakafika mahakamani kueleza yaliyotokea, na mahakama ya kikoloni ikawageuzia kibao: wakafungwa wao, kwa sababu ya pombe iliyopelekwa kwenye matembezi yale. Siti hakutumia fumbo. Alimtaja mtu kwa jina, akaieleza kesi. Na waliomsikiliza walikuwa watu wa mji uleule, waliokuwa wamekwisha kuamua nani wa kulaumiwa. Maana jamii yetu, mwanamke akiuawa, swali la kwanza alikuwa anafanya nini kule.

Shaaban Robert alichukua njia nyingine. Yeye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mshahara wake unatoka hukohuko. Katika riwaya yake Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ameiweka nchi angani, akamsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kufundisha uanasheria. Utetezi wa Karama ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za nje kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Wanafunzi hufundishwa kwamba kitabu chote ni mkoloni kasemwa kwa mafumbo. Mimi nasema hapo tunajipendelea. Waliowafunga wale wajumbe ni Wakusadikika wenzao, na Waziri Majivuno, anayemshtaki Karama, hana haja ya kutoka Ulaya. Tunamjua.

Sasa nifike Kenya mwaka 1977, na hapa nitakaa kidogo. Mwezi wa Julai, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, inayowachambua bila huruma matajiri wapya wa baada ya uhuru. Aliyeizindua ni waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Waziri mzima! Mwandishi akarudi kwake salama. Oktoba ya mwaka huohuo, huko Kamirithu, Limuru, wanakijiji wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mirii. Matajiri ni walewale, hasira ni ileile. Katikati ya Novemba kibali cha kuigiza kikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani, akawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978.

Kwa nini riwaya iliachwa na tamthilia ikafungiwa? Wengi hujibu kwamba ni lugha. Ni kweli, ila jibu halijatimia. Waigizaji walikuwa vibarua na wafanyakazi wa viwandani, na waliposomewa mswada walimsahihisha profesa: mzee haongei hivi, maneno haya hayatoki kinywani mwa kibarua. Jukwaa walilijenga wenyewe. Na tamthilia yenyewe haikumwonea haya maskini. Kigũũnda anarubuniwa na tajiri wake afunge ndoa ya kanisani, anaweka rehani hati ya kijishamba chake ili apate mkopo wa mambo ya fahari, na shamba linaondoka. Wangapi kati ya watazamaji wale hawakumjua Kigũũnda mmoja, au hawakuwa yeye? Riwaya unaweza kuizindua, ukapigwa picha nayo, ukaitia kabatini. Kijiji kinachojitazama chenyewe na kuulizana tulifikaje hapa, hicho serikali haikujua ikifanyeje, na mwaka 1982 ikatuma polisi kulibomoa lile jukwaa.

Lakini dola hujifunza. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Kesho yake waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena akamshauri auboreshe kwa kuongeza waovu wengine, wakiwemo wakwepa kodi. Tulishangilia, nami nilishangilia. Baadaye ndipo nikajiuliza: mkosoaji anapopangiwa watu wa kuwasema, bado anakosoa kwa niaba ya nani?

Najua swali linalokuja, la wasanii wanaopanda majukwaa ya kampeni za siasa. Siwezi kusema aliyepanda amejifuta kuwa mkosoaji. Siti aliimba katika kasri la sultani na bado tunao "Kijiti". Ila aliyelipwa kusifu, akaanza kukosoa siku malipo yalipokatika, mimi namsikiliza kwa sikio moja. Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali ya Kamirithu waanze, maana naona mzee wa mstari wa mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Kigũũnda.