Kuchagua Linux ya Kompyuta ya Nyumbani: Ionje Kwanza kwa Flashi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Laptopu hii mnayoiona mezani ni ya matumizi ya nyumbani: prosesa ya zamani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4. Windows 11 haiikubali, na Windows 10 iliyomo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Msiitupe! Leo tunaitafutia Linux inayoifaa, yaani mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows, na una matoleo mengi.

Anza kwa kuijua mashine yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Ile namba ya juu kulia ndiyo RAM yako. Ukiwa na GB 8 kwenda juu, una uwanja mpana: Ubuntu, Fedora au Linux Mint yenye mwonekano wa Cinnamon. Ubuntu naipenda sana. Aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina la Ubuntu ni ndugu wa neno letu "utu". Ila kwa GB 4 itakuwa nzito. Hapo mimi nachagua Linux Mint ya Xfce, mwonekano mwepesi zaidi. Menyu iko chini kushoto palepale ulipozoea, na LibreOffice imo tayari, inafungua faili za Word.

Sasa pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe. Ni karibu GB 3, kwa hiyo pima bando lako kabla hujaanza. Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Pakua na ufungue Rufus, programu ya Windows ya kuandika ISO kwenye flashi, chagua flashi, chagua ISO, bofya Start, usubiri.

Zima kompyuta, iwashe tena huku unabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Kwa HP bonyeza Esc kisha F9. Chagua flashi. Mnaona? Mint imefunguka, na diski yako haijaguswa.

Hapa msiharakishe, maana hapa ndipo uchaguzi unapofanyika. Unganisha waifai. Cheza video, sikiliza kama spika zinatoa sauti. Punguza mwanga wa skrini. Funika laptopu, hesabu hadi thelathini, ifunue: imeamka? Chomeka printa, jaribu kuchapa ukurasa mmoja. Waifai ikigoma, na hutokea sana kwa kadi za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwenye simu, kisha fungua Driver Manager, programu ya Mint inayotafuta viendeshi vya vifaa, uone inapendekeza nini. Usiihukumu kasi yake kwa sasa. Flashi ni ya polepole kuliko diski.

Mwite na atakayeitumia. Mpe kipanya mama au mtoto, mwache atafute mwenyewe pa kuandikia barua. Akipotea kila dakika, andaa flashi kwa mfumo mwingine mjaribu tena; hujapoteza chochote.

Mkiridhika, hamishia picha na hati zenu kwenye diski ya nje. Hakikisheni zinafunguka kwenye kompyuta nyingine. Baada ya hapo ndipo mbofye mara mbili alama hii ya Install Linux Mint.